Majina Kumi na Moja na Shule Zao
Mhadhara uliotolewa kwa wakazi, walimu na vijana wa Carama, Bujumbura

 

Mwaka 1996, katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, Vénuste Niyongabo alikimbia mita 5000 akatuletea dhahabu, medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Burundi. Hilo hata watoto wetu wa shule ya msingi wanalijua, na ni haki yao kulijua. Sasa rudini nyuma mwaka mmoja tu. Mapema mwaka 1995, kule Nigeria, timu yetu ya vijana wasiozidi miaka 20 ilifika fainali ya Afrika. Kameruni wakatufunga, lakini tiketi ya Kombe la Dunia la vijana tulikwisha kuipata, na mwezi Aprili vijana wale walikuwa Qatar, kundi moja na Uhispania, Japani na Chile. Uhispania walikuwa na Raúl. Japani walikuwa na Hidetoshi Nakata. Vijana wetu walifungwa na hao wawili, wakatoka sare ya 1-1 na Chile, kisha wakarudi nyumbani kwenye nchi iliyokuwa vitani.

Ni wangapi kati yetu tunaoweza kutaja majina kumi na moja ya kikosi kile? Na tukiyataja, nani atasema huyu alikuwa akisoma wapi, yule aliachia darasa gani, mwalimu gani alimruhusu kwenda mazoezini? Ule ni umri wa kukaa darasani. Walikuwa na madaftari, walikuwa na mitihani, walikuwa na wazazi wenye wasiwasi. Haya yote yamebaki vichwani mwa watu wachache, na watu hao wanazeeka.

Nimekuja kuwaomba jambo moja. Nchi inayotaka wachezaji wake wasome, na wanafunzi wake wacheze, iyaandike majina ya walio bora kila msimu, yakamilike, yafuatane na majina ya shule zao, kisha iyaweke mahali ambapo mtu mwenye hasira au mwenye haraka hawezi kuyafuta. Hiyo ndiyo heshima ya taifa ninayoitaka kwa wachezaji wa lise zetu na vyuo vyetu. Kombe na bahasha vije baadaye.

Ili tuone orodha kama hiyo inavyofanya kazi, niruhusuni niwapeleke Marekani kidogo, kwenye mpira ambao sisi hatuuchezi: ule wa kubeba mikononi, wa kofia ngumu na mabega ya kuvaa, ndugu wa raga. Mpira ule ulikulia vyuoni. Kabla hakujawa na vilabu vya kulipwa vyenye jina, watu kwa maelfu walikuwa tayari wanakwenda kuwatazama wanafunzi wa Yale na Harvard wakigongana. Mwaka 1889 mwandishi Caspar Whitney, akisaidiana na Walter Camp, mtu wa Yale ambaye ndiye aliyeweka kanuni nyingi za mchezo ule, alichapisha katika jarida la The Week's Sport majina kumi na moja ya wanafunzi walio bora katika nchi nzima. Kila nafasi uwanjani na mtu wake, kila mtu na chuo chake. Orodha hiyo wakaiita All-America, na tangu wakati huo haijapita miaka bila orodha ya namna hiyo kutoka. Camp aliendelea nayo mpaka alipofariki mwaka 1925. Leo zipo orodha nyingi, lakini tano ndizo zinazohesabiwa rasmi: ya shirika la habari la Associated Press, ya makocha, ya waandishi wa mpira, ya jarida la Sporting News, na ya taasisi yenye jina la Walter Camp. Mchezaji anayetajwa na wengi wa hao watano, hana wa kumbishia.

Tena iangalieni vizuri orodha ile ya kwanza. Princeton walitoa wachezaji 5, Yale 3, Harvard 3. Basi. Nchi yenye upana wa bahari mbili, na vyuo vitatu vya kona moja ya kaskazini mashariki vikajaza nafasi zote. Whitney na Camp hawakuwa wezi. Waliandika walichokiona, na walichokiona kilikuwa mechi za karibu na kwao. Nalisema hili hapa Carama makusudi, maana nasi tukianza kuandika orodha yetu tukiwa tumekaa Bujumbura tu, tutaandika Bujumbura tupu, na mtoto anayepiga mpira Makamba au Muyinga atabaki hadithi ya kijijini kwao.

Hata hivyo orodha ile, pamoja na upofu wake, ilifanya kazi ambayo walioianzisha huenda hawakuikusudia. Mwaka 1892, na tena 1893, ilimtaja William Henry Lewis, mwanafunzi wa sheria wa Harvard, mtu mweusi, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwekwa humo. Mwaka 1911 Lewis huyohuyo aliapishwa kuwa mwanasheria mkuu msaidizi wa serikali ya Marekani. Waliomjua kwa mpira walimfuata katika sheria.

Lakini ninayetaka tukae naye zaidi ni mwingine.

Paul Robeson alizaliwa mwaka 1898 mjini Princeton. Baba yake alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka akiwa kijana, akasoma, akawa mchungaji wa kanisa. Mwaka 1915 Paul alipata nafasi ya masomo katika chuo cha Rutgers. Watu weusi waliosoma pale kabla yake walikuwa wawili tu. Akajitokeza mazoezini. Waliompiga siku ya kwanza walikuwa wenzake wa timu yake mwenyewe: wakamvunja pua, wakamtegua bega. Akalala kitandani kwa siku kadhaa, akarudi. Mmoja akamkanyaga mkono kwa kiatu cha njumu, kucha zikang'oka. Akabaki uwanjani. Mwaka 1916 chuo cha Washington and Lee, kutoka Virginia, kikasema hakitacheza na timu yenye mtu mweusi, na Rutgers, nasikitika kulisema, wakamkalisha benchi ili wageni waridhike.

Msimu wa 1917 alitajwa miongoni mwa walio bora Marekani nzima. Msimu wa 1918 Walter Camp mwenyewe alimweka katika kikosi chake cha kwanza na kukichapisha katika jarida la Collier's, lililosomwa kila kona ya nchi. Tena kijana huyo hakuwa mchezaji anayesukumwa darasani kwa huruma. Alicheza michezo minne pale chuoni, na mwaka 1919 alipohitimu alikuwa miongoni mwa vichwa vya darasa lake, akachaguliwa kutoa hotuba ya mahafali. Akaenda kusomea sheria Columbia, akijilipia kwa kucheza mpira wa kulipwa mwisho wa juma. Baadaye dunia ikamjua kwa sauti yake na kwa jukwaa.

Na hapa pana jambo linalotuhusu sisi tunaozungumza lugha hii. Mwaka 1934, akiwa London, Robeson alijiandikisha katika Chuo cha Lugha za Mashariki, kile ambacho leo ni SOAS, akasoma Kiswahili. Mtu aliyekuwa na majumba ya maonyesho yakimsubiri alikaa na daftari kujifunza ngeli. Wakati huohuo alicheza filamu ya Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935, na miongoni mwa Waafrika walioshiriki humo alikuwemo Jomo Kenyatta. Huyu ni wetu pia. Nataka vijana wa mitaa yetu ya Buyenzi na Kinama wanaochekwa kwa Kiswahili chao walijue hilo.

Kisha siasa ikamkuta. Robeson alisema waziwazi juu ya ubaguzi wa nchi yake na juu ya wakoloni wa Afrika, akaonekana rafiki wa Wasovieti, na mwaka 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti. Hakurudishiwa mpaka 1958. Kumbi zikafungwa, sahani zake za muziki zikaondolewa madukani. Hayo tunayaelewa, ndivyo siasa inavyofanya. Ila hasira ile haikuishia kwenye siasa, ilifika mpaka kwenye mpira wa miaka thelathini nyuma. Kitabu kimoja cha kumbukumbu za mpira wa vyuo kilichotoka wakati huo kilichapisha kikosi cha All-America cha 1918 kikiwa na watu kumi. Kumi! Timu ya watu kumi na moja, ikapungua mmoja, na ukurasa ukaendelea kana kwamba hakuna kitu. Jumba la heshima la mpira wa vyuo nalo likampita mwaka baada ya mwaka. Alifariki Januari 1976 bila kuingizwa. Walimwingiza mwaka 1995, mwaka uleule ambao vijana wetu walikuwa Qatar.

Kilichomrudisha ni nini? Wapenzi wake walipiga kelele, kweli, lakini kelele peke yake haithibitishi lolote. Collier's ya mwaka 1918 ilikuwa maktabani. Nakala zilikuwa katika miji mingi, katika nyumba nyingi, na mtu yeyote aliweza kufungua, akaweka kidole chake kwenye jina na kuhesabu mpaka kumi na moja. Kitabu cha watu kumi kilishindwa na karatasi iliyotangulia. Ndiyo maana nasema kuandika. Sisi Warundi tunajua, kuliko watu wengi, jinsi mtu anavyoweza kuondolewa mara ya pili baada ya kuondolewa mara ya kwanza.

Afrika Mashariki nayo imo katika orodha hizo. Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, wazazi wake wakiwa Waganda. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, aliyeongoza serikali ya Uganda kuelekea uhuru, akawa Jaji Mkuu, na mwezi Septemba 1972 askari wa Idi Amin wakamtoa Mahakama Kuu mjini Kampala, akauawa. Mjukuu alisoma Boston College, akacheza pembeni mwa ukuta wa ulinzi, kazi yake kumkimbilia mpigapasi wa wapinzani na kumwangusha kabla mpira haujamtoka mkononi. Msimu wa 2004 alitangazwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East. Mwaka 2006 New York Giants walimchukua katika raundi ya kwanza, akawa katika kikosi kilichotwaa ubingwa mara mbili, na mara ya pili, Februari 2012, fainali ilichezwa Indianapolis, mjini kwao. Kila tangazo lilipomtaja, jina la babu yake lilisomwa tena na watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Kampala ya 1972. Nasi tulikuwa na Rwagasore, aliyeuawa Oktoba 1961 akiwa Waziri Mkuu, na uwanja wetu mkubwa ukabeba jina lake kwa miaka mingi. Tunajua jina linavyoweza kukaa katika uwanja wa mpira kuliko katika vitabu.

Sasa turudi nyumbani.

Hatuna uhaba wa mpira. Mwaka 1992 klabu yetu ya Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikazuiwa na Africa Sports ya Abidjan. Tarehe 23 Machi 2019, hapa Bujumbura, Cédric Amissi aliwafunga Gabon, mchezo ukaisha 1-1, na timu yetu ya taifa, Intamba mu Rugamba, wakaenda Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Dada zao wakaenda la kwao Moroko mwaka 2022, nao mara ya kwanza. Wote hao walianzia mahali fulani wakiwa na sare za shule.

Lakini mnaijua karatasi ya mechi ya shule? Nimeishika mkononi. Imeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu, juu ya goti la mwalimu, namba za jezi upande wa kushoto. Majina mengine ni kamili, mengine ni nusu, na katika karatasi niliyoiona, mfungaji wa mabao mawili aliandikwa kwa jina la utani tu, jina ambalo mitaa minne ya hapa ina vijana wanaoitwa hivyo. Chini kuna sahihi ya refa na tone la mvua lililoeneza wino. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi pekee kwamba mechi ilichezwa. Inakunjwa, inaingia mfuko wa suruali, inafuliwa. Kombe linabaki juu ya kabati la mkurugenzi, limechorwa jina la mashindano na mwaka, halina jina la mtoto hata mmoja.

Nchi yetu sasa ina mikoa mitano: Bujumbura, Gitega, Butanyerera, Buhumuza na Burunga. Kila mkoa uwe na watu wake wa kuchagua, na watu hao wawe makocha wa shule, marefa, na walimu wa darasani. Nasisitiza hao wa mwisho, kwa sababu kocha anaijua miguu, mwalimu anamjua mtoto. Mtu asipigie kura shule yake. Kura zitangazwe, nani alimchagua nani, ili ndugu asimfiche ndugu. Wachaguzi wa mikoa wakutane, watoe majina kumi na moja ya wavulana na kumi na moja ya wasichana, siyo wasichana kama nyongeza ukurasa wa mwisho bali orodha kwa orodha, uzito mmoja. Na mbele ya kila jina pawe na mambo matatu: nafasi yake uwanjani, shule yake, darasa lake.

Darasa nalitaka kwa sababu mbili. Ya kwanza mmekwisha kuiona kwa Robeson na Lewis. Ya pili ni chungu kidogo. Mpira wa vijana katika eneo letu una ugonjwa wa umri: mtu wa miaka 23 anacheza na watoto wa miaka 16, na wakala anampeleka nje kwa karatasi za kutengeneza. Orodha inayosema huyu yuko darasa fulani, shule fulani, inasomwa na wenzake wote wa darasa hilo. Uongo hauishi siku tatu. Na kijana wa kweli, akifika mbele ya klabu ya Dar es Salaam au Kigali, ana kitu cha kuonyesha ambacho hakutengenezewa na wakala.

Najua mtaniambia mpira unawatoa watoto shuleni. Wazazi mnaosema hivyo mna haki ya kuogopa, nimewaona vijana wenye kipaji waliobaki bila mpira na bila diploma. Ndiyo maana nataka anayeshindwa mitihani asiingie orodhani hata akifunga mabao arobaini. Orodha ya wanafunzi iwe ya wanafunzi. Mtoto akijua kwamba jina lake linasubiriwa na alama za darasani pia, mama hatakuwa peke yake anaposema soma.

Na msidhani hapa kaskazini mwa mji ni mahali pa kupokea tu mawazo ya watu wengine. Jirani zetu wa Centre Jeunes Kamenge, kituo kilichoanzishwa na wamisionari wa Xaverian, waliwaweka vijana wa Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha na Buterere kwenye viwanja vimoja wakati ambapo kuvuka barabara kutoka mtaa mmoja hadi mwingine kulikuwa hatari ya roho. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya Right Livelihood, inayotolewa Stockholm. Mhutu na Mtutsi walipasiana mpira huku wakubwa wao wakipigana. Wale vijana leo ni baba na mama, wengine wamejenga hapahapa Carama. Majina yao waliyocheza nayo, nani anayo?

Gharama? Karatasi, nauli za wachaguzi, na kuchapisha. Nakala moja ibaki shuleni kwa kila aliyetajwa, moja iwe kwa Shirikisho la Soka, moja iingie maktaba ya Chuo Kikuu cha Burundi kule Mutanga, na nyingine zitawanywe kwenye magazeti na redio kadiri zinavyoweza kufika. Nakala nyingi, mahali pengi. Hilo ndilo lililomwokoa Robeson. Shirikisho likikubali kusimamia, vizuri sana. Likichelewa, tuanze na shule za tarafa ya Ntahangwa, msimu huuhuu, na mikoa ijiunge ikituona.

Na kuhusu vijana wa 1995: wapo hai wanaowajua. Wapo makocha, wapo waliolala nao bweni moja. Kazi ya kwanza ya wachaguzi, kabla hata ya msimu mpya, iwe kukaa na watu hao na kuandika kikosi kile chote, pamoja na waliokuwa benchi, jina kamili la kila mmoja, shule, na mtaa. Atakayekosekana aachiwe mstari wake wazi wenye namba, ili kila msomaji aone kwamba kuna mtu hapo.

Mwalimu aliyekaa karibu na mlango ana daftari. Walimu wa michezo naomba mbaki dakika chache tupange tarehe. Wengine wote, mwenye picha, mwenye karatasi ya mechi ya zamani, mwenye jina analolikumbuka, aandikishe kwa mwalimu huyo wa mlangoni kabla hajatoka.